Namna ya Kuchagua Zana za Kumsaidia Mwanafunzi Mwenye Disleksia

Disleksia ni ugumu wa kuoanisha sauti za lugha na herufi zinazoziwakilisha, wala haitokani na uvivu au upungufu wa akili. Kabla ya kununua au kupakua chochote, msikilize mwanafunzi akisoma aya moja kwa sauti na uandike mahali anapokwama: je, anachanganya b na d, anaruka mistari, au anasoma sahihi lakini polepole mno, hata akifika mwisho wa sentensi awe amesahau mwanzo wake?

Anayekwama kwenye sauti zenyewe anahitaji kadi za herufi kuliko kompyuta. Chukua neno «nyumba» na uliandike kwenye kadi nne: ny, u, mb, a. Ny hukaa kwenye kadi moja kwa kuwa ni sauti moja. Mwanafunzi atamke kila kadi, azisogeze pamoja, asome neno zima, kisha aliandike kwa kidole juu ya mchanga huku akilitamka. Ukiondoa a ya mwisho na kuweka u, atakutana na «nyumbu», na hapo atajionea mwenyewe jinsi herufi moja inavyobadili maana. Rudieni zoezi hili kila siku, kwa muda mfupi, bila haraka.

Kwa anayeruka mistari, kata kwenye kadibodi dirisha linaloonyesha mstari mmoja tu. Maandishi unayomchapia yawe ya ukubwa wa 12 hadi 14, yenye mwachano wa 1.5 kati ya mistari. Usitumie fedha kwa ajili ya fonti zinazodaiwa kuwa maalumu kwa disleksia, kwani utafiti haujathibitisha kuwa zinashinda fonti za kawaida zinazosomeka vizuri.

Anayesoma polepole apewe vitabu vya kusikiliza, au programu inayosoma maandishi kwa sauti huku yeye akiyafuata kwa macho. Hakikisha sauti iliyochaguliwa ni ya lugha ya maandishi hayo, maana sauti ya Kiingereza ikisoma Kiswahili huvuruga matamshi anayojitahidi kuyajenga. Kusikiliza si udanganyifu: kunamwezesha kupata maarifa ya historia au sayansi wakati stadi ya kusoma ikiendelea kukomaa. Kwa insha, imla ya simu, yaani simu kugeuza maneno anayoyasema kuwa maandishi, humsaidia kunasa mawazo yake kabla tahajia haijamkatisha tamaa.

Zana atakazoruhusiwa kutumia katika mtihani, pamoja na muda wa ziada, ziombwe mapema, naye azizoee darasani kwa majuma kadhaa kabla ya siku yenyewe.