Meneja ya mafaili inakrashi kila saa? Usikimbilie kupiga windo upya

Unafungua folda, dirisha linatokea, linaganda kidogo alafu linapotea lote kama vile hukulifungua. Unarudia, yale yale. Hapo ndo utasikia ushauri wa kila mtu, piga windo upya, weka Linux nyingine, na wengine wanafanya kweli alafu tatizo linarudi siku ile ile maana mafaili ni yale yale na diski ni ile ile. Meneja ya mafaili (ile programu inayokufungulia folda) yenyewe mara chache sana ndo mbovu. Inaanguka kwa sababu kuna kitu imeambiwa isome au ibebe, yaani plagini (nyongeza inayopachikwa kwenye programu) ya zamani, picha iliyoharibika, seva ya mtandao ambayo haipo tena, diski inayoelekea kufa. Kwa hiyo kazi yako ni moja tu, kujua ilikuwa imeshika nini pale ilipoanguka.

Nitaongelea zaidi Linux, alafu Windows huko mbele, wazo ni lile lile.

Cha kwanza angalia, inakrashi au inaganda? Sio kitu kimoja. Ikikrashi dirisha linapotea lenyewe. Ikiganda dirisha lipo, ukibofya halijibu, linakuwa la kijivu, na mfumo unakuuliza uilazimishe kufunga au usubiri. Kuganda mara nyingi maana yake inasubiri kitu kijibu, na hapo mshukiwa ni mtandao au diski. Kukrashi kwa ghafla mara nyingi ni kodi ya programu imekosea, basi anza na plagini, vijipicha (picha ndogo za mafaili) na apdeti iliyoishia njiani. Na angalia pia inatokea wakati gani, ikifunguka tu, ukiingia folda fulani, ukibofya kitufe cha kulia cha mausi, au ukichomeka fleshi. Hilo jibu peke yake linakupunguzia nusu ya kazi.

Sasa ifungue kutoka kwenye terminali (dirisha la kuandika amri), usiifungue kwa ikoni. Ukifungua kwa ikoni inakufa kimya kimya, ila ukifungua kwa terminali inakufa ikiwa inaongea. Jina linategemea desktopu unayotumia: GNOME ni Nautilus, KDE ni Dolphin, Cinnamon ni Nemo, Xfce ni Thunar, MATE ni Caja. Ila hizi programu zina tabia ya kubaki nyuma hata ukifunga madirisha yote, kwa hiyo izime kabisa kwanza (hakikisha hakuna mafaili yanayokopiwa muda huo, usije ukakata kazi katikati):

nautilus -q

Nemo, Thunar na Caja nazo zinakubali hiyo -q, Dolphin we izime kwa killall dolphin. Alafu andika jina lake, bonyeza enta, na ufanye kile kile kinachoiangusha. Yatamwagika maneno mengi. Usitishike ukiona WARNING zimejaa, nyingi za Gtk (kifurushi kinachochora madirisha) ni kelele za kawaida, hata meneja nzima kabisa inazitoa. Wewe angalia mistari ya mwisho kabisa kabla haijafa.

Kama terminali haijasema cha maana, uliza logi ya mfumo (segfault maana yake programu imegusa memori isiyo yake ikauliwa):

journalctl -b | grep -i segfault

Unaweza ukakuta mstari wa namna hii:

kernel: thunar[4127]: segfault at 18 ip 00007f3a1c2b4d10 sp 00007ffd5e0a91c0 error 4 in libgdk_pixbuf-2.0.so.0

Hizo namba ndefu achana nazo. Soma mwanzo na mwisho. Mwanzo unakwambia aliyekufa ni thunar, mwisho unakwambia amefia ndani ya maktaba gani (faili la kodi ambalo programu nyingi zinalitumia), na hapa ni libgdk_pixbuf, ambayo kazi yake ni kusoma picha. Basi ushajua, tafuta picha mbovu kwenye ile folda. Ingekuwa ni jina la plagini ya kusinki mafaili na wingu, ungeenda kuitoa hiyo plagini. Kama mashine yako ina systemd (inayoendesha huduma za mfumo) na coredumpctl imewekwa, andika coredumpctl list uone orodha ya programu zilizokufa, alafu coredumpctl info na namba ya ile uliyoitaka, itakupa hatua kwa hatua ilikuwa ndani ya nini. Haihitaji uwe programa, we soma majina yenye .so tu (hizo ndo maktaba), ukiona jina usilolitegemea hapo ndo pa kuanzia.

Kabla hujagusa kitu chochote kingine, tengeneza mtumiaji mpya kwenye mashine hiyo hiyo, ingia kama yeye, fungua meneja. Ikifanya kazi vizuri, tatizo liko ndani ya folda yako ya nyumbani, yaani setingi zako, keshi yako, plagini ulizojiwekea mwenyewe, au mafaili yako. Ikikrashi hata kwa mtumiaji mpya, basi tatizo ni la mfumo mzima, pakeji au hadiwea. Watu wanairuka hii hatua kwa uvivu tu, na ndo inayookoa muda kuliko zote.

Plagini. Hapa ndo penye wahalifu wengi kwa maoni yangu, hasa kama inakufa ikifunguka tu au ukibofya kitufe cha kulia. Sababu ni kwamba plagini nyingi za meneja haziendeshwi pembeni, zinapakiwa ndani ya meneja yenyewe, kwa hiyo plagini ikianguka inaanguka na mwenye nyumba. Na Nautilus kwa mfano ilibadilika sana toleo la 43 mwaka 2022, ilihamia GTK 4, na plagini zilizoandikwa kwa mtindo wa zamani zikawa hazifai tena mpaka ziandikwe upya. Za Python zinakaa kwenye ~/.local/share/nautilus-python/extensions, hamisha zote zilizomo uzipeleke folda nyingine, zima meneja kwa -q, fungua tena. Ikitulia, zirudishe moja moja, kila ukirudisha moja unazima na kufungua, mpaka ifie mkononi mwa mhusika. Zile zilizokuja kama pakeji itabidi uzitoe kwa apt au dnf au chochote unachotumia kuweka programu, hazina swichi. Nemo imekaa vizuri zaidi kwenye hili, ina ukurasa wa plagini ndani ya menyu ya Edit, unaondoa tiki tu. Dolphin nayo ukiingia setingi zake kuna sehemu ya menyu ya kitufe cha kulia, punguza huko vitu usivyovitumia.

Kingine ni vijipicha, zile picha ndogo zinazoonyesha kilichomo kwenye faili. Dalili yake ni moja, inakufa ukiingia folda fulani tu, kwingine kote inadunda. Meneja za siku hizi kazi ya kutengeneza vijipicha zinaipa mchakato mwingine wa pembeni (Thunar kwa mfano inamtegemea tumblerd), kwa hiyo faili bovu lingetakiwa liue huo mchakato tu na meneja ibaki. Ila kijipicha kikishatengenezwa ni meneja yenyewe inayokisoma, na picha kubwa kupita kiasi inaweza ikala RAM yote mpaka mfumo uanze kuua programu ili upumue, na wewe ukaona tu madirisha yanapotea. Anza kwa kufuta keshi, haina madhara yoyote, inajitengeneza tena:

rm -r ~/.cache/thumbnails

Alafu nenda setingi za meneja uzime vijipicha kabisa, na uingie ile folda. Ikifunguka bila shida, basi faili bovu limo humo. Kulitafuta usipite faili moja moja, utakesha. Kwa terminali hamisha nusu ya mafaili kwenye folda nyingine, washa vijipicha, fungua. Ikikrashi, bovu liko kwenye nusu iliyobaki, isipokrashi liko kwenye uliyohamisha. Gawa tena nusu. Folda ya mafaili elfu moja inaisha kwa kugawa mara kumi hivi. Mara nyingi utakuta ni video ambayo ilidaunlodiwa ikakatika, au picha iliyotoka kwenye memori kadi mbovu.

Setingi zilizoharibika zipo pia, hasa kama mashine ilizimika ghafla. Usifute, badilisha jina, ili ukitaka kurudi urudi. Kwa Dolphin ni hivi:

mv ~/.config/dolphinrc ~/.config/dolphinrc.zamani

Thunar setingi zake ziko kwenye xfconf (ghala la setingi la Xfce), unaziweka upya kwa xfconf-query -c thunar -p / -r -R, na hii inafuta moja kwa moja. Nautilus haitunzi setingi zake kwenye faili la kawaida, unaandika dconf reset -f /org/gnome/nautilus/ na hii nayo inafuta moja kwa moja, mpangilio wako wa madirisha utapotea, sio msiba.

Sasa zile za kuganda. Kuna jaribio dogo sana, nenda terminali andika ls ikifuatiwa na njia ya ile folda. Kama ls nayo inaganda, msamehe meneja, hana hatia, folda yenyewe haisomeki. Sababu ya kawaida ni folda ya mtandao iliyounganishwa na seva imezimwa, au umehama mtandao. Andika findmnt uone zilizounganishwa, ukikuta nfs, cifs au sshfs (aina za folda za mtandao) inayoelekea seva isiyopatikana, itoe kwa sudo umount -l na njia yake. Kagua pia alama ulizojiwekea pembeni ya dirisha, kwa GNOME na ndugu zake ziko kwenye ~/.config/gtk-3.0/bookmarks, ni faili la maandishi tu, futa mstari wa seva iliyokufa. Hiyo alama moja inaweza ikachelewesha kila dirisha unalofungua na usijue kwa nini.

Diski iliyojaa nayo ni ya haraka kuangalia, df -h kwa nafasi, na df -i pia kwa sababu unaweza kuwa na nafasi tele lakini inodi (nafasi za kusajili mafaili) zimeisha, ukawa huwezi kutengeneza hata faili moja. Alafu sudo dmesg, tafuta maneno I/O error. Ukiyaona, acha kila kitu. Usiendelee kufungua na kufunga folda ukijaribu bahati, kopi kwanza vitu vyako vya muhimu uviweke diski nyingine, ndo uje uendeshe sudo smartctl -a /dev/sda (weka jina la diski yako) uangalie Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector (hesabu za sehemu mbovu za diski). Hizo zikiwa zinapanda kila ukiangalia, hiyo diski ya kubadilisha, hakuna setingi itakayoiponya. Na kama zinakrashi programu mbalimbali bila mpangilio, leo meneja kesho brauza, pima RAM kwa Memtest86+ usiku kucha.

Kama ilianza baada ya apdeti, ristati kwanza, maana kuna wakati meneja inayoendelea kukimbia ni ya zamani na maktaba zilizopo chini yake ni mpya. Kwa Debian, Ubuntu na jamaa zao ongeza sudo dpkg --configure -a na sudo apt --fix-broken install, zinamalizia apdeti iliyokatika.

Kwenye Windows meneja ni explorer.exe, na ndio hiyo hiyo inayobeba tasikibaa, ndo maana ikikrashi skrini yote inapepesa na ikoni zinapotea. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, itafute Windows Explorer, bofya Restart. Hiyo ni ya kupumua tu. Kutibu, anza tena na plagini, kwa sababu kila programu unayoweka, za kuzipu, za antivairasi, za wingu, inapenda kujipachika kwenye menyu ya kitufe cha kulia. Kuna programu ndogo ya bure ya NirSoft inaitwa ShellExView, inakuorodheshea zote, chagua ifiche za Microsoft ubaki na za nje, zizime zote, ristati explorer, kisha uwashe chache chache. Vijipicha unazima kwenye Folder Options, weka tiki kwenye "Always show icons, never thumbnails". Ukurasa wa pembeni wa kuchungulia faili unazimwa kwa Alt+P, na huo nao jaribu, hasa kama inakufa ukigusa PDF au video. Ukitaka kujua kilichoua, andika perfmon /rel kwenye kisanduku cha Run, utaona kalenda ina alama nyekundu, bofya tukio la explorer.exe usome jina la moduli iliyokosea. Kama moduli ni ya Windows yenyewe ndo uingie Command Prompt kama admini, DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth kwanza alafu sfc /scannow. Watu wanaanza na sfc kwa kila kitu kama panadoli, lakini haiwezi kukusaidia chochote kama mhusika ni plagini ya kampuni nyingine.

Ukiwa bado unatafuta na kazi zinakusubiri, weka meneja nyingine ya muda, kwa Linux PCManFM ni nyepesi na haibishani na desktopu yoyote. Na hiyo pia ni kipimo, ikifia kwenye folda ile ile basi rudi kwenye faili au diski. Ikipita vizuri na umeshatoa plagini, umefuta keshi, mtumiaji mpya naye anakrashi na pakeji zote ziko sawa, hapo kweli ni bagi (kosa la programu yenyewe). Iripoti kwa watengenezaji wake ukiweka toleo (nautilus --version au jina la yako), hatua za kuiangusha kwa mpangilio, na yale maneno ya coredumpctl info yote bila kuyapunguza, ila yapitie kwanza maana majina ya mafaili yako yanaweza kuwa yameingia humo.