Kusafisha protini kwa resini ya nikeli bila kuipoteza njiani

Kabla ya kugusa seli, panga mirija midogo sita kwenye barafu na uiandike majina ya hatua zijazo: seli nzima, kimiminika cha juu, mashapo, kilichopita (kisichonaswa na resini), cha kuoshea na kilichotolewa. Katika kila hatua weka akiba ya mikrolita 20 ndani ya mrija wake, na uandike ujazo wote uliokuwa nao wakati huo. Nasisitiza kazi hii ndogo kwa sababu protini ikipotea, mirija hiyo ndiyo itakayokuonyesha ilikopotelea.

Njia hii hufaa kwa protini iliyotengenezwa ndani ya bakteria wa Escherichia coli ikiwa na mkia wa histidini sita, ambao hunasa kwenye ayoni za nikeli zilizofungwa katika resini, yaani chembe ndogo zinazoshikilia nikeli hiyo. Koroga seli katika bafa (mmumunyo unaotunza pH isibadilike) baridi ya fosfati yenye pH 8, milimola 300 za chumvi ya kawaida na milimola 10 za imidazoli (kemikali inayoshindana na histidini kushika nikeli) kwa lita, pamoja na kizuizi cha vimeng'enya vinavyokata protini. Bafa isiwe na EDTA, kemikali inayoshika ayoni za metali, kwani hiyo hung'oa nikeli na kuiacha resini nyeupe, isiyoshika kitu.

Kupasua seli kunataka subira. Piga mawimbi ya sauti kwa sekunde 10, pumzisha kwa sekunde 30, kisha rudia, chombo kikiwa ndani ya barafu muda wote. Ncha ya kifaa isikaribie uso wa kimiminika, maana povu huharibu protini. Mchanganyiko uliokuwa mzito na mweupe kama maziwa huanza kupitisha mwanga. Ukiinua pipeti na tone likavutika kama ute wa yai, DNA bado haijakatika, endelea kidogo. Kisha zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ya 15,000 g, nyuzi 4 za Selsiasi, kwa dakika 30.

Pitisha kimiminika cha juu kwenye resini polepole, ioshe kwa bafa yenye milimola 20 hadi 30 za imidazoli, kisha itoe protini kwa bafa yenye milimola 250 za imidazoli.

Sasa mirija sita inalipa. Changanya kila sampuli na bafa yenye SDS (sabuni inayokunjua protini), ichemshe kwa nyuzi 95 kwa dakika 5, na uiendeshe kwa umeme kwenye jeli ya poliakrilamidi, inayotenganisha protini kwa ukubwa, kwa utaratibu ambao mwanasayansi Laemmli aliuchapisha mwaka 1970. Jeli ikishatiwa rangi, mstari mnene wa buluu wa protini yako ukibaki kwenye mashapo, protini imejikunja vibaya na kuganda. Otesha bakteria upya kwa nyuzi 18 badala ya 37. Ukiuona kwenye kilichopita, huenda resini ni kidogo au mkia umefichika ndani ya protini. Kilichotolewa kikiwa na mistari mingi, punguza resini au ongeza imidazoli ya kuoshea, jambo ambalo wengi hulichelewesha kwa kuogopa kupoteza mavuno.

Pima kiasi cha protini kwa rangi ya Bradford, inayogeuka buluu ikishika protini, kwa mwanga wa nanomita 595. Ukipendelea kupima katika nanomita 280, linganisha na bafa ileile ya kutolea, kwa sababu imidazoli nayo hufyonza mwanga hapo. Baada ya kuiondoa imidazoli kwa dayalisisi, yaani kuichuja kupitia utando, ongeza gliseroli asilimia 10, gawa protini katika mafungu madogo ya matumizi ya mara moja, na uyagandishe upesi kwa nyuzi 80 chini ya sifuri.