Kabla hujapiga dawa kwenye mpunga, kagua kwanza majani ya kingoni

Wakulima wenzangu, kila msimu naona watu wanakimbilia duka la pembejeo jaruba likianza tu kubadilika rangi, dawa inapigwa, baada ya muda hali ni ileile, kwasababu mdudu ametokea kingoni na huko hakuna aliyeangalia. Mimi nalima Kilombero, ntaeleza ninavyokagua.

Hatua ya 1: zunguka nje ya jaruba
Fanya hii kabla ya kulima. Pita kingo zote na mifereji, tafuta mpunga pori na yale majani yanayofanana sana na mpunga, kitaalamu yanaitwa Echinochloa. Kuyatofautisha chukua jani, livute taratibu pale linapoachana na shina. Mpunga una kijiulimi cheupe chembamba hapo, Echinochloa hana kitu, pako wazi kabisa. Mpunga pori nao unao ulimi, mrefu na umechongoka, kwaiyo huyo mchimbe, ukikuta shina nene linatambaa chini ya udongo ndo mwenyewe. Ng'oa na hilo shina lote, tena kabla pawatila (trekta dogo la kusukuma kwa mkono) haijapita, maana ikilikatakata kila kipande kinachipua upya na umeshausambaza shamba zima.

Hatua ya 2: angalia jirani kalima nini
Funza wa mabua, yaani viwavi wanaotoboa na kula ndani ya shina, hawako wa aina moja. Maliarpha anakaa kwenye mpunga na mpunga pori, ila Chilo na Sesamia wanakula pia mahindi na mtama, na wanaishi hata kwenye mabingobingo, Sesamia mpaka kwenye miwa. Sasa huku kwetu mahindi na miwa viko kila upande, kwaiyo kama jirani kavuna mahindi na mabua bado yamesimama, ongea nae ayaondoe mapema, au mkubaliane awalishie ng'ombe.

Hatua ya 3: kitaluni na baada ya kupandikiza
Hapa tafuta mistari myeupe myembamba inayofuata urefu wa jani, kama kuna kitu kimekwangua. Ni kazi ya Trichispa, mdudu mweusi wa milimita 3 hadi 4, ana miiba mgongoni. Kukwangua kwake tungevumilia, shida ni kwamba anabeba virusi vya kimyanga, ugonjwa unaofanya mpunga uwe wa njano na udumae. Ugonjwa huu uligunduliwa 1966 karibu na Kisumu, Kenya, na mpaka leo hauna dawa ya kuutibu. Virusi vyenyewe vinajificha kwenye mpunga pori na Echinochloa pale mpunga unapokuwa haupo shambani, ndo maana hatua ya 1 naikazania sana. Haviambukizwi kwa mbegu. Mche wenye madoa ya njano na uliodumaa ng'oa ufukie, alafu nawa mikono na osha mundu kabla hujagusa mche mwingine, tafadhali sana hapo.

Hatua ya 4: pasua shina
Ukiona jani la kati limekauka na majani ya pembeni bado ya kijani, livute. Likitoka kirahisi na chini limeoza, chukua wembe upasue shina kwa urefu. Kiwavi mwenye kichwa na miguu, mwili una madoadoa, huyo ni Chilo. Wa rangi ya pinki bila madoa ni Sesamia. Ukikuta funza asiye na miguu wala kichwa cha kueleweka, ni mtoto wa nzi Diopsis, yule ambae macho yake yako mwisho wa vijiti viwili. Diopsis anakuja mpunga ukiwa mdogo na mara nyingi mche unatoa machipukizi mapya ukafidia, mimi simpigii dawa.

Ukikuta kiwavi amekufa na pembeni kuna rundo la vifuko vidogo vyeupe, hiyo ni kazi ya nyigu. Nyigu aina ya Cotesia flavipes waliachiwa pwani ya Kenya 1993 na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, kwa ajili ya kumpunguza Chilo, na ukipiga dawa hovyo unawaua wao na buibui kwanza, kiwavi yuko salama ndani ya bua.

Hatua ya 5: mbolea
Urea usiimwage yote kwa mkupuo, gawa, maana mpunga ulionenepa kwa naitrojeni funza wanaupenda mno.

Hatua ya 6: kuvuna
Masuke yakitoka meupe na matupu kwasababu funza wameshakula ndani ya bua, kupiga dawa muda huo ni kupoteza hela. Weka alama hilo jaruba, na siku ya kuvuna kata chini kabisa karibu na udongo, kwasababu Maliarpha anabaki ndani ya kisiki kiangazi kizima anasubiri mvua. Visiki vilime vifukiwe mapema, na machipukizi yanayoota baada ya mavuno usiyaache, au kama mtu kayaomba kwa ajili ya ng'ombe wake mpe, ila wayamalize yote ndani ya siku chache.