Kuwaenzi waliojenga chuo kilichofungwa: anza na daftari la mishahara

Chuo chetu cha Kibaptisti kilipofungwa, mimi ndiye nilikuwa katibu wa wahitimu, na maandalizi ya ibada ya shukrani yaliniangukia. Nilianza vibaya. Nilikusanya picha za waasisi, nikaongeza majina ya wakuu wa chuo, nikaona nimemaliza. Siku ya ibada akaja binti wa matroni wetu, amebeba picha ya mama yake. Alisikiliza orodha mpaka jina la mwisho, kisha akairudisha picha mkobani. Ninayoandika hapa nimejifunza tangu siku ile.

Waasisi hawapotei kirahisi, maana majina yao yako kwenye jiwe la msingi. Wanaopotea ni mpishi, mlinzi, karani, dereva. Hao watafute kwanza, na pa kuwatafutia ni daftari la mishahara. La kwetu nililikuta chini ya rundo la vitabu vya nyimbo. Kwenye mstari wa mpishi hapakuwa na sahihi, ila dole gumba la wino wa zambarau, mwezi baada ya mwezi, miaka 17. Miezi 3 ya mwisho nafasi yake ni tupu: hakulipwa. Nasi tuliokuwapo tunajua kwamba katika miezi hiyo hatukulala njaa hata usiku mmoja. Jambo kama hilo liandike, usiliache kwa kuona haya.

Karatasi nyingine zitakuwa zimetawanyika. Kwa Wabaptisti kila kanisa linajitawala, kwa hiyo usitegemee kabati moja lenye kila kitu. Uliza kwenye umoja wa makanisa uliomiliki chuo, kwa makatibu wa makanisa ya jirani, na kwenye familia za wachungaji waliofundisha. Omba mihtasari ya vikao na ratiba za mahafali. Picha zigeuze, mara nyingi majina yako nyuma.

Kwa wazee nenda mapema, ukiwa na picha mkononi. Ukimwambia mzee akusimulie historia ya chuo, atakupa hotuba. Muulize nani alikuwa anagonga kengele alfajiri. Kila jina lithibitishwe na watu wawili, au na mtu mmoja na karatasi, na familia ndiyo iseme linavyoandikwa.

Kwa mwasisi, jina peke yake halitoshi. Chuo cha Storer cha Harpers Ferry, West Virginia, Marekani, kilianzishwa na Wabaptisti mwaka 1867 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani, kikafungwa mwaka 1955. John Storer alitoa dola 10,000 kwa masharti: wengine wachange kiasi kama hicho, na chuo kimpokee kila mtu bila kujali rangi wala jinsia. Masharti hayo yananieleza chuo kile kuliko picha yoyote ya mzee mwenye ndevu. Nnamdi Azikiwe, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Nigeria, alisoma pale. Leo majengo yake yamo ndani ya hifadhi ya taifa ya kihistoria, na nyaraka zake nyingi zinatunzwa na maktaba ya Chuo Kikuu cha West Virginia. Nanyi mtafutieni kila karatasi mahali pa kudumu. Isibaki chini ya kitanda cha katibu.

Kibao cha kumbukumbu kinahitaji ruhusa ya maandishi ya mmiliki mpya wa kiwanja. Akikataa, kiwekeni kwenye kanisa la karibu.

Majina yapangeni kwa alfabeti, waasisi na wafanyakazi pamoja, bila vyeo. Mzee mmoja alinipinga sana kwa hili, na bado naamini ndivyo inavyopaswa kuwa.

Tulifanya ibada ya pili. Orodha nilimpa binti wa matroni aisome. Alipofika kwenye jina la mama yake alinyamaza kidogo, akalisoma mara mbili, akaendelea na lililofuata.