Namna ya kupima uzito wa ubaguzi wa rangi katika uhasama wa madola makubwa: kisa cha Japani, 1905–1941

Rangi peke yake haianzishi ushindani wa madola makubwa. Hatari ya ubaguzi ni kwamba hupotosha vipimo: adui ana nguvu kiasi gani, anataka nini, na neno lake liaminiwe au la. Ukitaka kujua uzito wake, usiulize kama viongozi walikuwa wabaguzi. Kwa enzi hiyo jibu ni ndiyo karibu kila mara, na halikufikishi popote. Uliza ni uamuzi upi ungekuwa tofauti kama upande wa pili ungekuwa wa wazungu.

Kisa kinachofaa kujifunzia ni cha Japani dhidi ya Marekani na Uingereza, tangu ilipozizamisha meli za Urusi huko Tsushima Mei 1905 hadi ilipozishambulia nchi hizo mbili Desemba 1941. Nyaraka za kidiplomasia za Marekani zimechapishwa na Wizara yake ya Mambo ya Nje na zinasomeka bure mtandaoni. Za Japani pia zina hifadhi yake ya wazi ya kidijitali.

1. Jaza kwanza sababu zisizo za rangi

Chora jedwali la safu nne: tarehe, uamuzi, sababu isiyo ya rangi, jozi. Safu ya tatu ijazwe kabla hujagusa rangi. Kwa mwaka 1941 utaandika hivi: Japani ilikuwa vitani China tangu 1937, Julai iliingia kusini mwa Indochina, koloni la Ufaransa, Marekani ikazuia mali za Japani na mafuta yakakatika, ilhali takriban asilimia 80 ya mafuta ya Japani yalitoka Marekani. Hayo yanatosha kueleza kwa nini vita ilikaribia. Hayaelezi kwa nini Waingereza na Wamarekani walistaajabu kuona ubora wa jeshi lililowapiga. Pengo hilo ndilo la kuchimba.

2. Tafuta jozi

Jozi ni nchi ya wazungu iliyokuwa katika hali ileile, au iliyotendewa tofauti kwa jambo lilelile. Bila jozi una tuhuma tu. Chukua ndege za kivita za Brewster Buffalo: Waingereza waliona hazifai kukabiliana na Wajerumani angani Ulaya, wakazipeleka Malaya, koloni lao la Asia, kuwakabili Wajapani. Uhaba wa ndege ulikuwepo kweli, kwa hiyo usiubebeshe ubaguzi mzigo wote. Lakini uhaba hauelezi imani kwamba huko zingetosha, wakati Zero, ndege ya kivita ya Japani, ilikuwa tayari inapigana China tangu 1940 na taarifa zake zilikuwa zimefika.

Jozi inaweza pia kukuvunjia hoja, na hapo ndipo wengi huiacha. Mkataba wa Washington wa Februari 1922 uliipa Japani tani 315,000 za manowari kubwa, huku Marekani na Uingereza zikipewa 525,000 kila moja. Wazalendo wa Japani waliuona mkataba huo kuwa dharau. Ila Ufaransa na Italia, nchi za wazungu, zilipewa tani 175,000 tu. Uwiano huo ulifuata nguvu za majini zilizokuwepo. Futa rangi kwenye mstari huo wa jedwali, hata kama inakuuma.

3. Tenganisha nguvu, nia na heshima

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu mambo haya matatu huchanganywa na kuitwa "ubaguzi".

Katika kupima nguvu, ubaguzi kwa kawaida hushusha makadirio. Singapore, ngome ya Uingereza, iliangukia mikononi mwa jeshi la Japani lililokuwa dogo kuliko lile lililokuwa likiilinda, tarehe 15 Februari 1942. Aprili mwaka huohuo Wajapani walishambulia Colombo, na kundi la meli za Uingereza la Mashariki likahamishia kituo chake Kilindini, Mombasa.

Katika kupima nia, mambo hugeuka: adui yuleyule anayedharauliwa uwezo huonekana ana njama zisizo na mwisho. Baada ya Februari 1942 Marekani iliwafungia kambini watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani, wengi wao raia. Wajerumani na Waitaliano hawakuzolewa kwa jumla namna hiyo. Lakini tazama Hawaii, iliyokuwa imeshambuliwa yenyewe: Wajapani walikuwa zaidi ya theluthi ya wakazi, uchumi uliwategemea, na waliofungiwa walikuwa wachache sana. Kwa hiyo ongeza kwenye jedwali nani alinufaika. California walikuwepo wakulima wazungu waliotamani ushindani wa mashamba ya Wajapani uondoke.

Heshima ndiyo hudharauliwa na wachambuzi wa kijeshi, na ndiyo iliyodumu muda mrefu zaidi. Tarehe 11 Aprili 1919, kwenye mkutano wa amani wa Paris, pendekezo la Japani la kutambua usawa wa mataifa lilipata kura 11 kati ya 17. Rais Wilson wa Marekani, aliyeongoza kikao, akasema lazima wote wakubaliane. Sheria ya Marekani ya 1924 ikawafungia Wajapani mlango wa uhamiaji, ingawa mgawo wa kawaida ungewaruhusu mia moja na ushee tu kwa mwaka. Faida ya kiusalama ilikuwa sifuri. Kilichopotea ni nguvu za wanasiasa wa Tokyo waliohubiri maelewano na Washington.

4. Kagua tarehe ya ushahidi na aliyesema

Mwaka 1946 Mfalme Hirohito alizitaja kura ya 1919 na sheria za uhamiaji kama mizizi ya mbali ya vita. Ushahidi huo unavutia, lakini ulitolewa baada ya kushindwa, wakati mashtaka ya kivita yakinukia. Uupe uzito mdogo kuliko barua iliyoandikwa wakati wa tukio lenyewe, mwaka 1924. Vilevile usichanganye jiji na serikali kuu: bodi ya shule ya San Francisco iliwatenga wanafunzi wa Kijapani Oktoba 1906, na Rais Theodore Roosevelt ndiye aliyehangaika kuizuia.

5. Fanya hivyohivyo upande wa pili

Japani iliyodai usawa Paris ilikuwa wakati huohuo inazima maandamano ya uhuru wa Korea yaliyoanza Machi 1919. Tena baadhi ya majenerali wake waliamini Wamarekani ni watu wa starehe watakaochoka vita haraka. Kosa hilo la kipimo lina hadhi sawa na lile la Buffalo, na lipewe mstari wake.

6. Ukihamia ya leo

Aprili 2019 Kiron Skinner, afisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, alisema China ni dola kubwa ya kwanza kushindana na Marekani isiyo ya wazungu. Kauli hiyo inaanguka kwenye mfano wa kwanza tu: Japani. Kwa China ya sasa, jozi ya kuanzia ni Urusi. Chukua tuhuma moja, kwa mfano wizi wa teknolojia, linganisha hatua zilizochukuliwa dhidi ya kila nchi, kisha punguza tofauti inayoelezwa na ukubwa wa uchumi. Kinachobaki ndicho cha kuandikia.