Nyota, asilimia na kufungiwa akaunti: mwongozo kwa madereva wa teksi za programu Nairobi

Dereva akifungiwa akaunti, kitu cha kwanza anachokitazama ni nyota zake. Mara nyingi tatizo haliko hapo. Uber, Bolt, Little na wenzao wanakupima kwa vipimo vitatu, na kila kimoja kinakwenda kivyake: nyota unazopewa na abiria, asilimia ya maombi unayokubali, na asilimia ya safari unazoghairi baada ya kuzikubali. Kando ya hivyo kuna mambo yasiyo na asilimia yoyote: nyaraka, utambulisho wa uso na malalamiko ya usalama. Hayo ndiyo yanayoweza kukutoa barabarani kwa usiku mmoja hata kama una wastani wa nyota 4.95, na ndiyo yanayostahili umakini wako mwingi zaidi.

Tuanze na nyota, kwa sababu hesabu yake haieleweki vizuri. Uber huchukua wastani wa safari 500 za mwisho zilizopewa nyota. Abiria aliyeshuka bila kugusa nyota haingii kwenye hesabu. Nyota 1 ikichukua nafasi ya nyota 5, umepoteza pointi 4 zilizogawanywa kwa 500, yaani 0.008. Huwezi hata kuiona kwenye skrini. Lakini dereva mpya mwenye safari 10 zilizopewa nyota, tisa zikiwa 5 na moja 1, tayari yuko 4.60. Kwa hiyo anayeanza achague saa zake kwa makini. Safari za asubuhi za watu wanaokwenda kazini ni salama kwake kuliko kuchukua walevi Westlands usiku wa Ijumaa wakati hana nyota za kumkinga.

Kupanda ni kugumu kuliko kushuka. Mwenye 4.60 kwenye safari 500 ana pointi 2,300. Ili afike 4.70 anahitaji 2,350. Kila nyota 5 mpya inaisukuma nje nyota kongwe kuliko zote. Kama kongwe hiyo ilikuwa 5 pia, wastani hausogei hata kidogo. Utapanda tu siku nyota mbaya za zamani zinapofika mwisho wa foleni na kutoka. Ukifanya kazi safi mwezi mzima na namba isisogee, usidhani mtambo umekuonea; nyota mbaya ulizopata karibuni bado ziko mbali na mlango wa kutokea.

Vitu vinavyoshusha nyota Nairobi vinajulikana: harufu ndani ya gari, simu sikioni, kubadilisha njia bila kumwambia abiria, na kukosa chenji. Beba noti za 50 na 100 pamoja na sarafu, maana abiria wa shilingi 380 atakutolea noti ya 1,000 na kukusubiri. Akilipa kwa M-Pesa, mtajie kiasi kilekile kilicho kwenye skrini, kisha ngoja ujumbe uingie kwako, usitegemee ule anaokuonyesha kwenye simu yake. Mitaa yenye mageti mawili au matatu, mwandikie kabla hujafika: "Niko geti la chini, gari nyeupe." Ujumbe huo mmoja unaondoa ugomvi mwingi.

Asilimia ya kukubali ni rahisi: maombi 50 yaliyokufikia, umekubali 38, una 76%. Ombi lililolia likapita bila kuguswa huhesabiwa kama ulilikataa. Kwa kawaida kukataa peke yake hakufungi akaunti moja kwa moja. Kunakunyima bonasi na daraja, na ukiyaacha maombi kadhaa mfululizo programu hukutoa hewani yenyewe, yaani huacha kukupelekea maombi. Kwa hiyo usikubali safari ya hasara kwa hofu ya asilimia. Kama abiria yuko kilomita tano kwenye foleni ya Waiyaki Way na safari yenyewe ni ya shilingi 250, likatae ombi na uendelee.

Maombi yanayopita bure ndiyo ya kuziba. Zima hali ya kuokoa betri kwa programu hiyo, la sivyo simu itailaza ukiwa umeegesha. Simu ya kazi isiwe ile unayopigiwa na jamaa. Nenda nje ya hewa kabla ya kuingia kituo cha mafuta, hotelini au maegesho ya chini ya jengo, si baada. Na kama unaendesha programu mbili, ukikubali safari kwenye moja, izime nyingine papo hapo, kabla hata ya kung'oa gari. Wengi hungoja kidogo, ombi la pili linaingia, kidole kinaligusa, na sasa lazima lighairiwe.

Kughairi ndiko kubaya zaidi kati ya vipimo vitatu, kwa sababu kuna mtu tayari anakungoja barabarani. Tabia inayoumiza madereva wengi ni hii: kukubali, kumpigia abiria, "Unaenda wapi? Unalipa keshi au kadi?", kisha kumwambia aghairi yeye. Dereva anafikiri kosa limehamia kwa abiria. Sivyo. Mtambo unaona gari halijasogea, unaona safari imekufa, na abiria anaulizwa sababu. Moja ya majibu anayopewa kuchagua ni kwamba dereva alimwomba aghairi. Yakijirudia, hayo huonekana kama udanganyifu, na adhabu ya udanganyifu ni nzito kuliko ya kughairi. Kama hutaki safari, ikatae kabla ya kuikubali.

Sababu halali za kughairi zipo: abiria wengi kuliko viti, mtoto mdogo anayetumwa peke yake, mzigo usioingia, mtu anayekutisha, au abiria asiyetokea. Kwa huyo wa mwisho, simama pale pale alipoweka alama, piga simu kupitia programu, acha saa ya kungoja iishe, ndipo uchague sababu ya kweli. Ukighairi ukiwa mtaa wa pili, hutalipwa na kosa litabaki lako.

Kuna suala la bei, na hapa tunasema wazi kwamba madereva wana haki ya kulalamika. Mwaka 2024 wengi Nairobi walibandika orodha ya bei zao ndani ya gari kwa sababu nauli ya programu haikutosha mafuta. Hata hivyo, kumdai abiria 600 wakati skrini inasema 430 ni lalamiko lenye ushahidi tayari, naye ataliandika. Daini nauli bora kupitia vyama vya madereva na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ambayo kanuni zake za 2022 ziliweka kikomo cha 18% kwa kamisheni ya kampuni. Usiidai kwa abiria mmoja mmoja huku akaunti ikiwa kwa jina lako.

Nyaraka sasa. Bima ya PSV (gari la kubeba abiria) madereva wengi hulipa kwa mwezi, na siku inapokwisha programu inakutoa yenyewe bila mtu yeyote kukuamulia. Lipa siku tatu kabla, pakia cheti siku hiyohiyo, kwa sababu ukaguzi wa picha huchukua muda. Ipige picha ukiwa kwenye mwanga, kona zote nne zionekane, namba ya gari isomeke. Weka kikumbusho kwenye simu kwa leseni ya udereva, beji ya PSV, ukaguzi wa gari na cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Hicho cha mwisho kiombwe mapema, kinahitaji alama za vidole na hakitoki kwa siku moja.

Akaunti usiikodishe wala kumwazima ndugu hata kwa zamu moja. Mtambo huomba selfi wakati wowote, na uso usiolingana ni sababu ya kufungiwa moja kwa moja. Unapopiga selfi, vua kofia na miwani, simama penye mwanga.

Ukiona abiria ameshuka na hasira, au kumetokea ugomvi, ajali au kutapika, ripoti wewe kwanza, ndani ya programu, kabla hujachukua safari nyingine. Maelezo yaliyoandikwa dakika kumi baada ya tukio yana uzito kuliko utetezi wa wiki ijayo.

Ukifungiwa, fuata mpangilio huu:

1. Piga picha ya skrini ya ujumbe wote, pamoja na tarehe na saa.
2. Hifadhi historia ya safari, mapato na nyota kabla ukurasa haujafungwa.
3. Soma sababu. Kama ni nyaraka, pakia upya na usiandike barua yoyote.
4. Kama ni lalamiko, kata rufaa kwa maneno machache: namba ya safari, saa, kilichotokea, ushahidi, na unachoomba. Usitukane, usieleze mkopo wa gari.
5. Nenda ofisi ya kampuni inayohudumia madereva ukiwa na nyaraka halisi, na uombe namba ya kumbukumbu ya kesi.

Wakikujibu kwa ujumbe wa jumla usio na sababu, tumia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kifungu cha 26 kinakupa haki ya kuona taarifa zako wanazozishika. Kifungu cha 35 kinagusa uamuzi unaofanywa na mtambo peke yake, na kinakuruhusu kuomba uangaliwe upya. Andika barua pepe ukivitaja vyote viwili. Kanuni za sheria hiyo za 2021 zinawapa siku 7 kujibu ombi la kuona taarifa. Madereva wa Ulaya walitumia sheria inayofanana na hii. Aprili 2023 mahakama ya rufaa ya Amsterdam iliamua kwamba baadhi ya madereva wa Uber walifungiwa kwa uamuzi wa mtambo bila mwanadamu kuhusika ipasavyo.

Siku 7 zikipita kimya, peleka lalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ukiambatisha picha za skrini na barua pepe yako. Sheria inaitaka ofisi hiyo imalize uchunguzi ndani ya siku 90. Katika siku hizo usifungue akaunti ya pili kwa laini nyingine. Uso na namba ya leseni vitakutambulisha, na hapo kampuni itakuwa imepata sababu ya kweli ya kukufungia.