Kuchavusha Mitende kwa Mkono, kama Wafanyavyo Nizwa

Mashamba ya Nizwa, mji wa bara ya Oman, hunyweshwa na Falaj Daris, mmoja wa mifereji mitano ya nchi hiyo iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Chini ya mitende humea milimau, migomba na majani ya mifugo, ila zao kuu ni tende, na mavuno yake huamuliwa katika wiki chache za mwanzo wa mwaka. Mtende dume na mtende jike ni miti mbalimbali. Ukiuachia upepo kazi ya kupeleka chavua ya dume kwa jike, utavuna haba.

Dume mmoja huweza kutosha majike 25 hadi 50. Kata karara lake, yaani ganda linalofunika maua, mara tu linapoanza kupasuka, kabla upepo na nyuki hawajaimaliza chavua. Tenga vijiti vya maua, uvianike kivulini pasipo upepo. Jua kali huua chavua. Unyevu huiotesha ukungu.

Kabla ya kukwea jike, katia miiba iliyo kwenye mashina ya makuti. Karara likishapasuka, usipitishe siku 3 au 4. Chukua vijiti 5 hadi 10 vya dume, vikung'ute juu ya ua jike, kisha vichomeke katikati vichwa vikiwa chini ili chavua iendelee kudondoka. Funga kwa ukindu, lakini fundo lilegee: kichala kitatanuka, na fundo lililokazwa litakikaba. Makarara hayapasuki pamoja, kwa hiyo mti mmoja hukwewa mara kadhaa. Anza na Naghal, aina ya mtende, maana huiva mapema na tende za mwanzo ndizo zenye bei.

Saa za mchana, jua likishapasha hewa joto, ni bora kuliko alfajiri, kwa kuwa baridi huizuia chavua kuota. Mvua ikinyesha siku hiyo hiyo au kesho yake, rudia kazi yote.

Utajua umekosea ukiona vitunda vitatu vidogo vimebanana mahali pamoja, havina kokwa. Hivyo haviivi vizuri; wape mifugo.

Uchavushaji ulipokubali, punguza vichala. Mti mzima uachie vichala 8 hadi 10, na ukate ncha za vijiti vilivyosongamana. Mtende uliolemewa mwaka huu huzaa kidogo mwakani, na tende zake huwa ndogo, zisizopata mnunuzi mzuri sokoni.